Mbegu Njema na Udongo Wake

Katika mifano yote aliyoitoa Bwana wetu Yesu Kristu, labda hakuna uliozoeleka masikioni mwetu kuliko ule wa mpanzi. Tumeusikia tangu tulipokuwa watoto wa katekisimu, na kila mwenye jembe huuelewa bila kufundishwa: mbegu iliyoanguka njiani ililiwa na ndege, ya penye mawe ilinyauka, ya kwenye miiba ilisongwa, na ya penye udongo mwema ikazaa.

Sisi wahubiri huueleza mfano huu kwa kuulaumu udongo, yaani ugumu wa mioyo yetu. Ndivyo ipasavyo, kwani mbegu inayosemwa pale ni Neno la Mungu, nalo halina kasoro. Lakini ziko mbegu nyingine zipandwazo kila mwaka katika nchi yetu: sheria, amri, mipango na mikakati, ya serikali, ya wafadhili, na hata ya sisi watu wa Kanisa. Hizo ni mbegu za wanadamu. Zaweza kuwa njema, zaweza kuwa mbovu. Na hata iliyo njema haioti popote itupwapo. Mtu akimwaga mpunga juu ya kilima kikavu, kisha akakilaani kilima, nani atamwita mkulima?

Leo twataka kusema jambo moja tu. Mpango wowote wa nchi hufaulu au huanguka kwa kadiri ulivyoijua ardhi utakapopandwa na watu watakaoutunza. Kuwasikiliza watu hao ni deni la haki, wala si fadhila ambayo mkubwa humpa mdogo apendapo. Wenye kusahau deni hilo wamelilipa kwa hasara, na mara nyingi hasara imewaangukia wasiokuwa na kosa.

Tuanze na Kongwa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu walitumwa kuizunguka Tanganyika, na katika muda wa miezi michache wakaleta shauri la kulima karanga katika mamilioni ya ekari, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Yaliletwa matrekta kwa mamia, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Fedha hazikukosekana, wala elimu ya vitabuni, wala bidii.

Kilichokosekana ni kuujua udongo. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Jua la kiangazi likiupiga huwa mgumu kama tofali, na karanga, ambayo huzaa chini ya ardhi, hunaswa humo isiweze kung'oka. Mibuyu na vichaka viliyashinda majembe ya chuma. Na mvua, ambayo haina ahadi katika nchi ya Ugogo, ilifanya kama ilivyozoea kufanya. Mwezi wa Januari mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, hali zaidi ya paundi milioni 35 zimekwisha kutumika.

Twajiuliza: je, hapakuwa na mtu wa kuwaonya? Walikuwapo Wagogo wazee waliokuwa hai, walioikumbuka njaa ya Mtunya iliyowaua ndugu zao kati ya mwaka 1917 na 1920. Walijua kwa nini baba zao walipenda mtama, uwele na ng'ombe kuliko mazao yenye kutaka mvua ya hakika. Elimu hiyo haikuandikwa katika ripoti yoyote, bali iliandikwa katika namna yao ya kuishi. Mwenye kuipita bila kuisoma alipita mbele ya maktaba akadhani ni pori.

Mtu aweza kusema kwamba Kongwa palishindwa kwa sababu ya pupa, na kwamba penye nia njema mambo huwa mengine. Basi na tupande milima ya Uluguru. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo wa milima ile ukichukuliwa na mvua, nayo ndiyo milima inayoulisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata Dar es Salaam. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na nia ya kuihifadhi milima ilikuwa njema. Watu wakaamriwa kukata matuta ya ngazi katika miteremko yao.

Lakini udongo wenye rutuba kule juu ni mwembamba. Ukichimba ngazi, waufukia ule mwema, waufunua ule wa chini usiozaa. Mwanamke aliyepanda mahindi juu ya tuta jipya aliona kwa macho yake kwamba yalikuwa dhaifu kuliko ya mwaka uliopita. Tena ardhi ya Waluguru hurithiwa katika ukoo wa mama. Wengi hulima mahali walipoazimwa na ukoo wa wengine. Mtu wa namna hiyo angejenga tuta la kudumu kwa faida ya nani? Amri haikuliuliza swali hilo. Ilijibu kwa faini na kwa nguvu. Mwaka 1955 watu wakachoka, ghasia zikazuka, polisi wakaitwa, uhai ukapotea, na baada ya hapo mpango wenyewe ukafa. Matuta yakaachwa yabomoke, na hata neno “hifadhi” likabaki na uchungu vinywani mwa watu kwa miaka mingi.

Hapo ndipo penye fundisho. Nia njema haikutosha, kwa maana nia hukaa moyoni mwa mtawala, bali tuta hukaa shambani mwa mkulima. Mlima ulikuwa na sheria yake, ukoo ulikuwa na sheria yake, na sheria ya tatu iliyokuja kutoka mjini haikuamkiana na hizo mbili.

Sasa twendeni Shinyanga, maana huko tutaona pande zote mbili za jambo hili: namna nchi inavyoharibiwa kwa mipango, na namna inavyoponywa.

Zamani Usukuma ilikuwa na mapori mengi ya migunga, na ndani yake walikaa ndorobo waliowaua ng'ombe. Serikali ya kikoloni ikahimiza kufyeka pori ili ndorobo wakose makao. Ndorobo wakapungua kweli, ng'ombe wakaongezeka. Kisha likaja zao la pamba, likataka mashamba mapya, na pori likaendelea kurudi nyuma. Kisha, baada ya uhuru, zikaja operesheni za kuwahamishia watu vijijini, hasa mwaka 1974 na 1975. Hatutaki kuwa watu wasio na shukrani: katika vijiji vile watoto wengi walipata shule, na wagonjwa wakapata zahanati. Lakini kaya zilipohamishwa ziliacha nyuma mashamba yao, makaburi yao, na pia ngitili zao.

Ngitili ni nini? Ni malisho yafungwayo. Mvua zikianza, Msukuma hulifunga eneo lake, asilishe humo. Majani hukua, miti huchipua. Kiangazi kikifika kilele chake, na nje hakuna kitu ila vumbi, hulifungua kwa utaratibu ili ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia wapate kula. Ilikuwa akiba ya ukame. Alipoondolewa mwenye ngitili, hakubaki wa kuifunga wala wa kuifungua.

Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na sababu yake. Mmoja alitazama ndorobo, mwingine akatazama pamba, mwingine akatazama shule. Hakuna aliyetazama nchi nzima pamoja na watu wake kama kitu kimoja. Ikafika miaka ya 1980, kina mama wakawa wanatembea mwendo mrefu kutafuta kuni, wengine wakapikia samadi na mabua ya pamba. Na watu wakaanza kuizungumzia Shinyanga kama nchi inayogeuka jangwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Nao ulianza kwa njia ya kawaida: vitalu vikubwa, miche ya miti ya kigeni, na mahubiri ya kupanda. Lakini wenye mpango huu walifanya jambo ambalo wa Kongwa na wa Uluguru hawakulifanya. Walikubali kufundishwa. Walipozungumza na wakulima waligundua kwamba watu walipenda miti yao ya asili kuliko ile ya vitaluni, na kwamba mizizi ya miti ile ilikuwa bado hai chini ya ardhi, ikingoja tu kupumzishwa. Hapakuwa na haja kubwa ya kupanda. Palikuwa na haja ya kufunga. Na utaratibu wa kufunga ulikuwapo tangu kale, una jina, na kila mzee aliujua.

Basi ngitili ikafufuliwa. Mikutano ya jadi iitwayo dagashida ikaweka sheria ndogo na adhabu; sungusungu wakalinda; serikali za vijiji zikatoa idhini. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Miaka isiyofika ishirini baadaye watafiti walihesabu zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga kama ulivyokuwa wakati ule. Zilirudi kuni, majani ya kuezekea, dawa, asali na matunda ya porini. Na ndege pia wakarudi.

Wala habari hii haikuishia Shinyanga. Katika miaka hiyohiyo ya 1990, wanavijiji wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, waliukataa mpango wa kuufanya msitu wao kuwa hifadhi ya serikali, wakaomba waulinde wenyewe, nao wakaulinda. Mafundisho ya namna hiyo yalipanda ngazi hadi makao makuu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zikakubali kwamba kijiji chaweza kuwa na msitu wake, kiutunze na kunufaika nao. Tazameni basi mwendo wake: safari hii sheria ilitoka shambani ikaenda mjini, kisha ikarudi shambani ikiwa na muhuri.

Tusidhani kwamba makosa haya ni ya maofisa peke yao. Yatupasa kukiri letu. Tulipokuwa padre mpya parokiani, tulitaka kuupamba mlima ulio nyuma ya kanisa kwa miti. Tulileta miche mingi, tukawaita vijana, tukaipanda siku moja kwa nyimbo na vigelegele. Kufika Pasaka iliyofuata, ilikuwa imebaki michache ya kuhesabika. Mlima ule ndiyo njia ya mbuzi kwenda kisimani wakati wa kiangazi, na kila mtoto wa kigango alijua. Tulipowalaumu waamini katika mahubiri, mama mmoja mzee alitungoja nje baada ya Misa, akatuamkia kwa heshima, akasema, “Padre, mwanangu, mbona hukutuuliza? Tungekuonyesha mahali.” Hatukuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumesoma falsafa na teolojia katika seminari kuu, lakini hatukuwa tumesoma njia ya mbuzi.

Mama yule, bila kujua, alikuwa akisema fundisho la Kanisa. Mwaka 1931 Baba Mtakatifu Pius XI alifundisha kwamba si haki mamlaka kubwa kunyang'anya kazi ambayo jumuiya ndogo yaweza kuifanya vema yenyewe. Kazi ya mkubwa ni kumsaidia mdogo, wala si kummeza. Na mwaka 2015 hayati Papa Fransisko, katika barua yake juu ya utunzaji wa dunia iliyo nyumba yetu sote, alitufundisha kwamba mateso ya ardhi na mateso ya maskini hayatenganishwi: anayeumiza moja humwumiza mwingine, na dawa yao ni moja.

Maandiko Matakatifu pia yametupa mfano wa mtawala mwenye busara. Yosefu, mwana wa Yakobo, aliposimamishwa na Farao juu ya nchi ya Misri, kwanza alitoka akaizunguka nchi yote. Kisha, Kitabu cha Mwanzo chasema, alipoweka akiba ya miaka saba ya shibe, aliweka katika kila mji chakula cha mashamba yaliyouzunguka mji huo. Hakutekeleza shauri lake akiwa ameketi chini ya kivuli cha jumba la Farao. Aliona kwanza, akaweka akiba karibu na watu, na njaa ilipokuja, Misri ikaishi, na mataifa jirani pamoja nayo.

Lakini hapa yafaa tutahadhari, tusije tukaanguka upande wa pili wa njia. Wako watakaosema: “Kumbe wazee walijua kila kitu, basi wataalamu watuache.” La, hasha. Udongo wa Uluguru ulikuwa ukipotea kweli, na asiyemwonya jirani yake juu ya hatari hampendi. Tena mila si Injili. Hata katika ngitili, mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa hupata zaidi, na asiye na kitu hubaki akichungulia ukingoni. Na mjane, akifiwa na mumewe, pengine hufukuzwa katika eneo alilolitunza kwa mikono yake. Mambo hayo hayawi ya haki kwa sababu ni ya zamani. Udongo hupaliliwa, miiba hung'olewa, mawe huondolewa. Tunalotaka ni kwamba mpaliliaji aujue udongo kwanza, asije akang'oa mmea pamoja na gugu.

Jambo hili si hadithi ya kale. Mwaka 2024 serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Sisi twaupongeza kwa moyo wote, maana moshi wa jikoni huharibu mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni, na mkaa wamaliza misitu yetu. Mbegu ni njema. Je, udongo wake ukoje?

Tuingie katika chumba cha kupanga cha baba anayepata kibarua cha siku. Mkewe hununua mkaa kwa kopo, kwa kadiri ya fedha iliyopatikana leo. Mtungi wa gesi wataka fedha nyingi kwa mara moja, na fedha hiyo haikai pamoja katika nyumba ile hata siku mbili. Maharage yataka moto wa saa nyingi, naye aogopa gesi itakwisha yasijaiva. Tuende na kijijini: kuni haziuzwi, huokotwa, na duka la mitungi li mbali. Tena yuko kijana mchoma mkaa, ambaye hana shamba wala kazi nyingine. Akikatazwa mkaa bila kuonyeshwa riziki, atachoma usiku. Watu hawa si maadui wa mkakati. Wao ndio udongo wake. Wakiulizwa, watasema ni kipimo gani, ni jiko gani, ni bei gani, na malipo ya namna gani yatakayowafaa. Wasipoulizwa, mtungi uliotolewa kwa sherehe utakaa tupu kando ya jiko la mkaa.

Basi twawaomba nini wasomaji wetu?

Kwenu mlio na madaraka, wengi wenu mkiwa watoto wa parokia zetu: kabla ya kutia sahihi, tokeni mwione. Msitosheke na kikao cha siku moja ambamo watu hupigiwa makofi kwa kukubali. Ulizeni hasa wale ambao huketi nyuma na kunyamaza, na aliyesema “hapana” mfuateni mmwulize kwa nini, maana pengine ndiye aliyewaokoa.

Kwenu wazazi: Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wenu kwa sheria. Mwenye kukaa nyumbani siku ya mkutano, kisha akanung'unika kilabuni, amejinyima haki yake mwenyewe. Nendeni, semeni kweli bila matusi na bila woga, mwapeni kina mama nafasi ya kusema, kwani wao ndio wajuao kuni ziko wapi na maji yamekauka lini. Na jioni, baada ya sala, wafundisheni watoto majina ya miti ya kwenu na matumizi yake. Mtoto asiyejua jina la mti hataulilia ukikatwa.

Kwetu sisi mapadre, watawa na makatekista: kabla ya kuanzisha mradi wowote, tuwaulize kwanza waamini wa jumuiya ndogo ndogo. Twajua sasa, kwa aibu yetu, kwamba wao wazijua njia za mbuzi.

Mungu Mwenyezi alipomweka mtu wa kwanza katika bustani, alimpa kazi mbili, kuilima na kuitunza. Hakumpa ya tatu ya kuidharau, wala ya nne ya kuwadharau wanaoilima. Na tumwombe awape viongozi wetu macho ya Yosefu, atupe sote masikio ya kusikia, na aibariki mbegu ya kila mwenye kupanda kwa unyenyekevu, ili nchi yetu izae thelathini, na sitini, na mia.